Upande wa Kamba

Wanangu wamenikataza kwenda uwanjani. Walikaa kikao sebuleni kwangu, watu wazima na ndevu zao, wakaamua kwamba mwanamke mwenye magoti kama yangu hana kazi katikati ya watu wanaosukumana. Timu ya kwetu Zambia inakuja hapa Lubumbashi kucheza na timu yao katika kombe la vilabu, na mimi, niliyeolewa huku lakini sikuzaliwa huku, nimeambiwa niitazame kwenye televisheni na mto mgongoni. Mjukuu wangu akaongeza la kwake: "Nkambo, bale banatazama habachezaki. Mwenye miguu njo anashinda." Nikawaambia nimesikia. Kisha nikatoka nje kuanua nguo, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Kamba yangu ya kuanikia ni ya katani. Nilipoishika ilikuwa imeshalowa, na harufu yake ikanipanda puani. Nyinyi wa rika langu mliokulia ziwani mnaijua: chachu kidogo, matope kidogo, na ndani yake samaki, hata kama kamba yenyewe haijawahi kuona samaki. Nilisimama pale nikalowa pamoja na mashuka. Hasira niliyokuwa nimeimeza sebuleni ilirudi yote, na nyuma yake akaja mama yangu.

Kwetu ni Kabuta, ufukoni mwa ziwa Mweru, si mbali na Nchelenge. Wakati huo upande wetu ulikuwa wa Waingereza na ng'ambo kulikuwa kwa Wabelgiji, ingawa samaki walipita bila kumwomba mtu ruhusa. Nyumbani tulisema Kibemba, ingawa hapa nawasemesha wote Kiswahili cha Lubumbashi. Kiswahili kilikuwa cha sokoni na cha watu wa ng'ambo, nasi watoto tulikiokota ufukoni pamoja na magamba ya samaki.

Wavu mkubwa wa kukokota tuliuita mukwao. Mitumbwi iliuzungusha majini, kisha kamba zake mbili zikaletwa nchi kavu, na kila aliyekuwa karibu akashika. Wanaume walikaa mbele, maji yakiwafika kiunoni, wanawake na wazee katikati, sisi watoto mkiani ambako kamba ilikuwa imeshatoka majini na inachoma viganja. Tulivuta kwa wimbo. Sheria ilikuwa moja, na hakuna aliyejua nani aliiweka: aliyeshika kamba ana samaki wake. Haikujali wavu ni wa nani, wala kama ulivuta kweli au ulining'inia tu kama nilivyokuwa nikining'inia mimi. Mwenye wavu aliyemnyima mtu samaki wake alijiharibia mwenyewe, kwa sababu habari ilifika kila kijiji na kesho yake hakupata wa kumvutia. Mimi nilikuwa sijaota meno ya mbele ya pili lakini nilirudi nyumbani na samaki wangu kwenye ugwe, na mama akampika peke yake ili nijue ni wa kwangu.

Sasa, mpira. Baba yangu alikuwa kipa. Timu yetu ilikuwa ya wavuvi, wengi wao pekupeku, na mashati yao yalikuwa magunia ya unga yaliyochovywa rangi. Shati la baba mama alilishona kwa kitambaa chake cha kanisani, cha buluu, ili aonekane mbali. Wanawake ndio waliowapikia wachezaji, waliowafulia, waliowakanda miguu iliyovimba. Siku za mechi walisimama kando ya uwanja wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mimi nilitazama yote hayo nikafikia hukumu yangu ya kitoto. Niliona kwamba watu wakija wengi tunashinda, na siku ya msiba, watu wakiwa matangani, tunafungwa. Basi nikaelewa kwamba wachezaji wako majini na sisi tuko nchi kavu, na mpira unavutwa na wale wanaotazama. Hakuna aliyenifundisha hivyo, na hakuna aliyejua kwamba ndivyo ninavyoamini.

Mwaka ule Mgriki mmoja aliyenunua samaki pande zote mbili za ziwa alitoa kombe na ng'ombe dume. Vilabu vya kwetu na vya Kongo vilichuana kiangazi chote, na mwishoni tukabaki sisi na timu ya ng'ambo. Ikaamuliwa fainali ichezwe katikati, kisiwani Kilwa, kile cha humohumo ziwani, mtu asiseme amechezewa ugenini. Kijiji kizima hakikulala vizuri kwa furaha. Jumapili, baada ya ibada, karani wa boma aliyekuwa mkubwa wa timu alipanda juu ya kreti mbele ya kanisa akatoa tangazo. Mashua ya Mgriki itabeba wachezaji na wanaume. Wanawake wabaki.

"Bachezaji bamekunywa dawa," alisema. "Ni sawa na wavu mupya. Mwanamuke hasogei pale, dawa isikufe."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa, hata wale waliokuwa wametoka kupokea komunyo dakika ile. Dawa na komunyo walivichukua vyote viwili ili wasikose mlango hata mmoja. Mama hakusema kitu hadharani. Watu walimwita Bana Mwansa, kwa jina la kaka yangu aliyekuwa akisoma kwa wamisionari mbali, na walijua kwamba akinyamaza si kwamba amekubali. Jioni alimkuta baba ameketi mlangoni anajipaka majani yaliyopondwa kwenye vifundo vya miguu.

"Umesikia karani," baba alisema.

"Nimesikia, mukwai," mama akamjibu, kwa neno la heshima la kwetu.

"Basi. Utabaki na mutoto."

"Hii shati yako, nani alishona?"

"We njo ulishona."

"Mikono yangu imeishika usiku na muchana, na dawa haikukufa. Sasa itakufa sababu ya macho?"

Baba aliendelea kupaka. "Mashua ni ya Mgriki, Bana Mwansa. Haina ya kwako."

"Na ziwa?" mama akauliza.

Baba akaingia ndani kulala. Mimi nililala na hofu kubwa. Kwa akili yangu, bila wanawake kamba nzima ya katikati ilikuwa tupu, na timu yetu ilikuwa inakwenda kuvuta na watu wachache wasiojua hata kuimba. Nilitaka kumweleza baba lakini alikuwa ameshageukia ukutani.

Alfajiri mama aliniamsha kwa kunifunika mdomo. Ufukoni walikuwapo wanawake wa Kabuta, karibu wote wenye nguvu ya kupiga kasia, na mitumbwi ile tuliyobebea muhogo na kuni. Maji yalikuwa meupe na baridi, na ukungu ulinukia moshi wa samaki. Nilikalishwa juu ya kikapu, nikapewa bakuli la bati la kutolea maji. Tulikwenda na kwenda. Jua lilikuwa limeshapanda wakati mashua ya Mgriki ilipotupita, injini ikitoa moshi, wanaume wamejaa mpaka kingoni wakiimba nyimbo walizofundishwa na wake zao. Wakatuona. Wimbo ukapungua, ukaisha. Mawimbi ya mashua yalitutikisa na maji yakaingia, nikatoa maji mpaka mikono ikafa ganzi. Baba alikuwa amesimama nyuma ya mashua na shati lake la buluu. Alitazama upande mwingine kama mtu anayetafuta ndege.

"Amekuona?" nilimuuliza mama.

"Ameniona sana," mama akasema, na akaongeza kasi.

Kisiwani uwanja ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Upande wa kivuli palipangwa mabenchi ya wakubwa, na wanaume wa pande zote mbili wakajaa hapo. Karani alipotuona tunapanda kutoka majini, sketi zimelowa, alikuja mbio.

"Nani amebaleta hapa?"

"Mikono yetu," mama akamjibu.

Wanawake wakacheka. Karani alitazama huku na huku, akaona wageni wa ng'ambo wanatazama, akashusha sauti. Alituelekeza nyuma ya goli, upande wa jua, karibu na vichanja vya kukaushia samaki, mahali ambapo wanawake wa ng'ambo nao walikuwa wametupwa. Palikuwa na kamba imefungwa kwenye nguzo, ikauzunguka uwanja upande ule wote.

"Mutakaa nyuma ya kamba. Mutu asivuke."

"Hatutavuka," mama akasema.

Ile kamba niliitambua kabla sijaigusa. Ilikuwa ya mukwao, nene, ya zamani, ina magamba yaliyokauka kwenye nyuzi zake. Tulisikia kwamba imeazimwa kutoka kwa Baba Kalenga, mzee mnene wa ng'ambo mwenye nyavu nyingi, ambaye ndiye aliyekuwa bwana wa timu yao. Nikafurahi mno. Kumbe nilikuwa na wasiwasi wa bure. Wenye mpira walijua kazi yao, kamba wameileta. Nikaishika kwa mikono miwili, nikatia visigino mchangani, nikasubiri.

Padri mzungu alikunja kanzu yake kwenye mkanda akapuliza filimbi. Wanawake wa kwetu wakaanza kuimba, wa ng'ambo wakajibu, wote wameegemea kamba ileile, na ilikuwa inayumba mbele na nyuma kwa uzito wa watu. Mimi nilivuta. Nyuzi zilinichoma, nikavuta. Tulipofunga bao la kwanza nilijua limetoka wapi. Niliwatazama wanaume kwenye mabenchi, mikono wameikunja kifuani, wengine wanakunywa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, nikashangaa watu wazima wanaweza kuwa wavivu kiasi kile mbele za watu.

Kipindi cha pili baba alihamia goli la upande wetu. Mgongo wake wa buluu ulikuwa hatua chache kutoka kwa mama, na mama hakunyamaza. Alimwambia mtu wa kulia ameachwa peke yake. Alimwambia jua litampiga machoni, asogee. Baba alijifanya kiziwi, lakini niliona masikio yake yanasikia, kwa sababu alisogea. Wa ng'ambo wakasawazisha. Karani akaja kando ya goli akapiga kelele kwamba wanawake wanyamazishwe, na wanaume wa mabenchi wakamsaidia. Mama akazidi. Hapo ndipo baba alipogeuka, uso umejaa aibu, akafungua mdomo amwambie mke wake anyamaze.

"Mpira," mama akasema. "Tazama mpira."

Mpira ulikuwa umeshampita. Wanawake wa ng'ambo waliruka mpaka nguzo moja ya kamba ikang'oka.

Tulifungwa hivyo. Wanaume walitujia kwa hasira. Nilisikia maneno ambayo watoto hawapaswi kusikia, na karani alikuwa mbele yao, kidole chake kimemwelekea mama. Alisema alishaonya, kwamba dawa imekufa, kwamba ng'ombe amekwenda kwa sababu ya mwanamke mmoja mwenye mdomo. Mama hakurudi nyuma. Nilikuwa nimeshika sketi yake.

"Nilimuambia atazame mpira," alisema. "Yee akanitazama mie."

Wanawake wa pande zote mbili walicheka kwa muda mrefu. Baba hakucheka. Alikwenda akakaa ndani ya mashua.

Ng'ombe alichinjwa palepale ufukoni. Nyama ililazwa juu ya majani ya ndizi, damu inaingia mchangani, na Baba Kalenga akasimama na kisu akiwagawia watu wake. Kwa macho yangu lilikuwa jambo la kila siku: wavu umeshatoka majini, mwenye wavu anagawa. Nilishangaa tu kwamba wetu hawaendi. Nikachukua bakuli langu la kutolea maji, nikajipanga kwenye mstari nyuma ya wachezaji wa ng'ambo. Mama alikuwa akikamua sketi yake na hakuniona.

"We mutoto," Baba Kalenga alisema nilipofika mbele. "Unatafuta nini?"

"Fungu langu, mukwai."

"We ni mutoto wa nani?"

Nikaonyesha kwa kidole mashua ya Mgriki, kwa baba yangu mwenye shati la buluu. Watu wakapasuka kwa kicheko. Karani alikuja akanishika mkono kwa nguvu. "Toka hapa, unatuletea haya. Tumeshindwa. Haina nyama ya kwetu."

"Mi nilishika kamba," nikasema.

Wakacheka tena, lakini Baba Kalenga hakucheka. Aliweka kisu chini. "Kamba gani?"

"Ile." Nikamwonyesha viganja vyangu. Vilikuwa vimechubuka, na nyuzi za katani zilikuwa bado zimening'inia kwenye ngozi.

Mama alikuwa ameshafika. Aliutoa mkono wa karani juu yangu, bila haraka, akasimama mbele ya nyama na nywele zake zimevurugika kwa upepo wa ziwa. Hapo akaelewa nilichokuwa nimekielewa mimi, au labda hakuelewa hivyo, aliona tu mlango uko wazi.

"Baba Kalenga," alisema, "ile kamba ni ya nani?"

"Ya kwangu, mama."

"Ni ya mukwao?"

"Ya mukwao."

"Huyu mutoto aliishika. Mie niliishika. Hawa banamuke bote baliishika, ba kwenu na ba kwetu. Nani hapa anasema hatukushika?"

Vijana wake walianza kusema kwamba huu ulikuwa mchezo, si uvuvi, na kwamba hakuna samaki hapa, iko ng'ombe. Baba Kalenga akawanyamazisha kwa mkono. Aliitazama kamba yake, ambayo bado ilikuwa imelala kwenye nguzo, akatutazama sisi. Ufuko mzima ulikuwa unasikiliza, na watu wa ufuko ule ndio waliomvutia nyavu zake. Akaokota kisu, akakata, akaweka kwenye bakuli langu kipande cha paja ambacho nilishindwa kukibeba.

"Kamba ni kamba," alisema. "Bakuye bote." Akawapungia wanawake mkono wasogee, kisha akainua kidevu kuelekea kwa wanaume wetu. "Na bale banaume?"

Aliniuliza mimi, kwa hiyo nikamjibu kwa ukweli. "Bale balikuwa ku mabenchi."

Mashua ya Mgriki iliondoka jioni ileile na watu wake wenye njaa. Sisi tulilala kisiwani kwa ndugu wa mama, tukaibanika nyama juu ya vichanja vya samaki pamoja na wanawake wa ng'ambo, na kesho yake tukapiga makasia kurudi na moshi wa mafuta umeingia mpaka kwenye nywele.

Jioni mama alipika. Baba alikuwa ameshinda ufukoni akishona wavu usiokuwa na tundu. Alikuja, akanawa, akaketi. Mama alinipa nyama, akampa bibi jirani tuliyeshika naye kamba, aliyekuja kutusalimia, akajipa mwenyewe. Mbele ya baba akaweka ugali na kisamvu.

Baba alitazama sufuria. "Na nyama?"

"Ulishika kamba?" mama akauliza, kwa upole kabisa.

Kupitia ua wa nyasi tulisikia swali hilohilo linaulizwa nyumba ya pili, na mwanaume anakohoa. Baba alimega ugali, akachovya kwenye kisamvu, akala chote. Nilitaka kumpa kipande changu. Mama aliona mkono wangu unasogea, akanitazama, nikaurudisha.

Kiangazi kilichofuata kombe lilirudi, na karani akapanda tena juu ya kreti lake na tangazo lilelile. Hakuna aliyebishana naye. Siku ya safari tulishuka ufukoni na mitumbwi yetu, na mashua ya Mgriki ilikuwa inanguruma tayari. Baba aliruka majini akiwa na shati la buluu. Alibeba kamba begani, kamba ya mukwao wake mwenyewe. Alifunga ncha moja kwenye mtumbwi wa mama, na mitumbwi mingine nyuma yake, akarudi kwenye mashua na ncha nyingine.

"Hii ni nini?" karani akamuuliza.

"Kamba," baba akasema.

Hakuifunga kwenye mashua. Aliishika kwa mikono, amekaa nyuma, miguu ameikaza ubaoni, mpaka wenzake waliporidhika kwamba hatanii wakaja kumsaidia, na wakatuvuta hivyo mpaka Kilwa. Kama tulishinda siku hiyo au tulifungwa, sikumbuki wala sijali. Nakumbuka viganja vya baba jioni, ngozi imetoka, na mama anamwekea kipande kikubwa cha samaki bila kumuuliza neno.

Mama amekufa siku nyingi. Baba alimtangulia. Uwanja ule wa kisiwani sidhani kama kuna anayeujua.

Nguo nimezianika ndani. Mto wa wanangu nimeurudisha kwenye kiti chake, na tiketi ninayo, jirani yangu amenitafutia, upande wa jua kwa sababu ndio wa bei ya chini na ndio nilioutaka. Nitatoka asubuhi kabla hawajaja kunizuia. Nitasimama na magoti yangu haya, niwapigie kelele watu wa kwetu mpaka sauti ikauke, na mjukuu wangu akae kwenye televisheni na miguu yake mizuri. Jioni watakuja kula kwangu kama kawaida yao. Nimeshanunua nyama ya ng'ombe, paja, na kabla sijafunua sufuria kila mmoja nitamuuliza alikuwa wapi.